Rejista ya Sumu za Viwanda ya Marekani, Ilivyojaribiwa Kutoka Lubumbashi

Kwa muda wa wiki tatu za kiangazi hiki nimekuwa nikiitumia, karibu kila jioni, huduma moja ya umma ambayo haikutengenezwa kwa ajili yetu, haisemi lugha yetu wala haipimi kwa kilo zetu, na hata hivyo sijaona nyingine katika intaneti iliyonifundisha mengi kiasi hicho kuhusu mji ninaoishi. Ni rejista ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, inayojulikana kwa herufi tatu, TRI. Humo, viwanda na migodi ya nchi ile hulazimika kuandika kila mwaka ni kemikali gani zenye sumu zilizotoka kwao, kwa kiasi gani, na zimekwenda wapi: hewani, majini, ardhini, au ndani ya lori la kuzipeleka mahali pengine. Kuifungua ni bure, na haidai jina wala neno la siri. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya wakazi wenzangu wa mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba, kusini mwa Kongo, ambao wamewahi kusimama kando ya mto, wakaona maji yamebadilika rangi, na wakakosa mtu wa kumwuliza.

Kilichonisukuma kuitafuta ni mfereji. Katika msimu wa mvua uliopita, maji ya mfereji unaopita nyuma ya bustani za mboga za mtaa wetu yaliamka asubuhi moja yakiwa na rangi ya mrututu, ile buluu yenye ukijani ambayo kila mwanafunzi wangu huitambua tangu somo la kwanza la chumvi za shaba, na kufikia siku ya nne majani ya lengalenga yaliyomwagiliwa maji hayo yalikuwa yameungua kingoni kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Upande wa juu wa mfereji huo kuna kiwanda cha kusafisha madini. Wakulima na mimi tuliandika barua, tukaipeleka katika ofisi inayohusika, tukarudishiwa nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tuliuliza jambo moja tu: ni kitu gani kilichokuwa ndani ya maji yale, na kilikuwa kiasi gani. Nakala yenye muhuri ninayo hadi leo, jibu sina.

Rejista ya TRI ilizaliwa kutokana na swali hilohilo, ila huko liliulizwa baada ya watu kufa. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, gesi ya methili isosianeti ilivuja kutoka kiwanda cha Union Carbide mjini Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu, wengi wao wakiwa usingizini. Agosti 1985, kiwanda cha kampuni hiyohiyo kilichoko Institute, West Virginia, kilivujisha kemikali nyingine na zaidi ya watu mia moja wakapelekwa hospitali. Ndipo Wamarekani walipotambua kwamba hata wao hawakujua ni nini kilichohifadhiwa nyuma ya kuta za viwanda jirani. Mwaka 1986 Bunge lao likapitisha sheria ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua, na kifungu chake cha 313 ndicho kilichoanzisha rejista hii. Takwimu za kwanza ni za mwaka 1987, na umma ulianza kuzisoma mwaka 1989.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kifungu hicho hakimkatazi mwenye kiwanda kumwaga chochote. Makatazo yako katika sheria nyingine. Hiki kinamwamuru tu aandike na atie sahihi. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza niliona ni sheria dhaifu, kisha nikakutana na habari ya Monsanto: mwaka 1988, wakati takwimu za kwanza zikikaribia kutangazwa, kampuni hiyo iliahidi hadharani kupunguza kwa asilimia 90 sumu inazozitoa hewani hadi kufikia mwisho wa mwaka 1992. Hakuna sheria iliyokuwa imeilazimisha kufika kiwango hicho. Ilikuwa imeliona jumla lake lenyewe likiwa limeandikwa, ikajua kwamba majirani nao wataliona.

Sasa nieleze namna huduma yenyewe inavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utajiri wake. Si kila karakana inayowajibika kuandika. Ni lazima kiwanda kiwe na wafanyakazi kumi au zaidi wa siku nzima, kiwe katika aina za kazi zilizotajwa na sheria, na kiwe kimevuka kiwango fulani cha kemikali kwa mwaka: ratili 25,000, yaani kilo kama 11,340, kwa kinachotengenezwa au kusindikwa, na ratili 10,000, yaani kilo kama 4,536, kwa kinachotumiwa kwa namna nyingine. Kwa sumu zinazodumu na kujilimbikiza mwilini kizingiti ni cha chini sana: risasi ni ratili 100, zebaki ni ratili 10, na dioksini ni sehemu moja ya kumi ya gramu. Orodha ina kemikali zipatazo 800, na viwanda vinavyoandika kila mwaka ni zaidi ya 20,000. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ni 1 Julai, kwa mambo ya mwaka uliotangulia.

Kila kemikali huwa na fomu yake, na nawasihi wasomaji wasiishie kwenye michoro mizuri ya ukurasa wa mbele, bali wafungue fomu yenyewe, inayoitwa Fomu R. Hapo hewa imegawanywa mara mbili: mstari mmoja ni wa kinachopanda kupitia bomba la moshi, na mwingine ni wa kinachotoroka chinichini kupitia mabomba, vali, milango na marundo yaliyo wazi. Mtu aliyewahi kukaa karibu na kiwanda anajua kwamba kile kinachotoroka chinichini ndicho kinachomfikia kwanza, na nimefurahi kuona kimepewa mstari wake. Maji nayo yana mstari wake. Kuna kinachosukumwa chini ya ardhi kwa visima, kinachozikwa au kurundikwa ndani ya uwanja wa kiwanda, na kinachopelekwa nje, pamoja na jina na anwani ya mahali kilipopelekwa. Kando ya kila kiasi kuna herufi ndogo inayoonyesha namba ile imetoka wapi: M ikiwa ilipimwa, C ikiwa imekokotolewa kwa kulinganisha kilichoingia na kilichotoka, E ikiwa imekadiriwa kwa viwango vya utoaji, O ikiwa ni kwa njia nyingine. Ni herufi moja tu, na wengi huipita bila kuiona, lakini kwangu mimi ndiyo inayoonyesha uaminifu wa fomu nzima, kwa sababu inamwambia msomaji aiamini namba ile kwa kadiri gani.

Katika mstari wa maji, kiwanda hakiruhusiwi kuandika neno "mto" na kunyamaza. Lazima kiutaje mto au kijito kwa jina lake.

Nililigundua hilo nikiwa nimeketi chini ya mwembe pamoja na mama mmoja, miongoni mwa wale wakulima tuliotia sahihi pamoja barua ile. Jioni ilikuwa imeingia, mitungi yake ya kumwagilia ilikuwa imepangwa ukingoni mwa kitalu, naye alikuwa anafungasha matembele kwa ajili ya soko la kesho. Nilikuwa namwonyesha kwenye simu habari za mgodi wa Red Dog, mgodi wa zinki na risasi ulioko kaskazini magharibi ya Alaska, namsomea namba na kuzigeuza kuwa kilo. Alisikiliza kwa subira, kisha akakatiza: "Mwalimu, na jina ya muto, banaiandikaka?" Nikamjibu, "Eeh mama, banaiandikaka." Nikamweleza kwamba maji ya mgodi ule, baada ya kusafishwa, huingia katika kijito kiitwacho Red Dog Creek, na kwamba maji ya kijito hicho huishia katika mto Wulik, mto unaowanywesha watu wa kijiji cha Kivalina. Alifunga fungu moja la matembele, akaliweka juu ya mengine, ndipo akasema: "Basi kesho habawezi kukana." Nimesoma makala nyingi za wataalamu kuhusu faida za rejista hii, na sijaona iliyoieleza kwa usahihi kuliko maneno hayo manne.

Jaribio langu kubwa lilikuwa la shaba, kwa sababu ndiyo iliyouzaa mji wetu. Tanuru la kwanza la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanzishwa, na ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru ulio kando ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, bado unaonekana kutoka karibu kila mtaa. Kwa hiyo nilitafuta matanuru ya shaba ya Marekani, nikafungua lile la mji wa Miami katika jimbo la Arizona na lile la Garfield katika jimbo la Utah. Kwa yote mawili unapata orodha, mwaka baada ya mwaka, ya misombo ya shaba, ya risasi, ya aseniki, ya zinki na ya metali nyinginezo, kila moja na njia iliyopitia. Unaweza kuona ni mwaka gani kiasi cha risasi cha bomba la moshi kilishuka, na ni mwaka gani kilipanda. Sikuhitaji shahada ili kuzielewa jedwali hizo. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tano walizielewa kwa kipindi kimoja.

Kuhusu tanuru la Miami kuna jambo ambalo mtu wa Katanga hawezi kulipita haraka. Mwenye tanuru hilo ni kampuni ya Freeport-McMoRan, na ndiyo iliyokuwa ikiendesha mgodi wa Tenke Fungurume hapa kwetu hadi mwaka 2016, ilipouza hisa zake kwa China Molybdenum. Yaani kwa miaka kadhaa kampuni moja ilikuwa na majirani wa aina mbili. Jirani wa Arizona aliweza kwenda maktaba, akafungua rejista na kusoma. Jirani wa Fungurume hakuwa na rejista ya kufungua, kwa kuwa Kongo haina. Siandiki haya ili kuishtaki kampuni hiyo, kwani iliandika pale sheria ilipoiamuru kuandika. Naandika kwa sababu yanaondoa kisingizio nilichokisikia mara nyingi, kwamba hesabu za namna hii haziwezekani katika kazi ya madini. Zinawezekana, na watu walewale wa kazi hiyohiyo huzifanya kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai.

Lakini sitaisifu huduma hii kupita kiasi, kwa kuwa ina kasoro, na nyingine ni nzito kwa mtu anayeitazama kutoka hapa.

Kasoro ya kwanza ni kwamba mwenye kiwanda ndiye anayeandika habari zake mwenyewe. Shirika hukagua, huuliza maswali na hutoza faini, na sheria inampa hata raia wa kawaida haki ya kumshtaki anayekwepa kuwasilisha fomu. Hata hivyo sehemu kubwa ya namba hizo ni makadirio, si vipimo. Sheria haimlazimishi mtu kuongeza vipimo vipya kwa ajili ya fomu hii, bali humtaka atumie taarifa alizo nazo. Ndiyo maana nimesisitiza ile herufi ndogo.

Ya pili ni kwamba kiasi si hatari. Kwa miaka mingi wilaya ya Northwest Arctic huko Alaska imekuwa juu kabisa katika jedwali za nchi nzima, na msomaji mgeni atadhani hapo ndipo mahali penye hewa mbaya kuliko pote Marekani. Sababu ni mgodi uleule wa Red Dog: miamba na mabaki ya kusafishia madini, ambayo mafundi wetu huyaita reje, huhesabiwa kuwa utoaji wa ardhini kwa sababu ya zinki na risasi zilizomo, na uzito wake ni mkubwa ajabu. Tani ya miamba iliyorundikwa ndani ya uwanja wa mgodi na kilo ya aseniki inayopeperuka juu ya shule haziwezi kulinganishwa kwa mizani, ingawa jedwali huziweka katika safu moja. Shirika lenyewe linalijua hilo na limetengeneza chombo kingine, RSEI, kinachozingatia ukali wa sumu, njia yake na idadi ya watu waliopo karibu. Nimekijaribu, ni kizuri, ila ni kigumu kwa anayeanza, na kwenye simu hakitumiki kwa raha.

Ya tatu ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Sumu inayotutisha sisi kila siku barabarani na viwandani ni asidi ya salfa, inayotumika kwa wingi mno kuyeyusha shaba na kobalti kutoka katika mawe yake. Nilipoitafuta katika rejista, niligundua kwamba tangu miaka ya 1990 huhesabiwa tu ikiwa katika hali ya ukungu au matone yaeleayo hewani. Asidi ya maji, ile ambayo ikimwagika huunguza majani ya mboga na kuyeyusha metali zilizotulia chini ya mto, haimo. Wala dioksidi ya salfa, gesi inayowasha koo la mtu aishiye upande ule upepo unakoelekea, haimo katika orodha hii, kwa kuwa Wamarekani huihesabu katika daftari lingine la uchafuzi wa hewa. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayetaka kujua kila kitu kuhusu tanuru moja hana budi kufungua madaftari mawili au matatu, na hakuna mahali panapomwonya mapema. Umuhimu wa asidi ya maji tuliuona jirani tu, Februari 2025, wakati bwawa la mabaki ya mgodi lilipobomoka karibu na Chambishi nchini Zambia, na asidi ikaingia katika maji yanayokwenda mto Kafue. Umbali kutoka hapa hadi kule ni safari ya siku moja kwa lori.

Vilevile vizingiti nilivyovitaja vinawaacha nje wadogo. Nchi yenye viwanda vikubwa inaweza kulivumilia hilo. Hapa kwetu, ambapo kobalti huchimbwa, huoshwa na kusagwa pia na watu binafsi, hata ndani ya nyua za nyumba kama ilivyotokea mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, rejista iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka Marekani ingeiacha nje sehemu ya vumbi ambayo watoto huivuta kwa ukaribu kuliko nyingine zote.

Kasoro ndogo nazitaja kwa haraka. Uzito wote umeandikwa kwa ratili. Zidisha kwa 0.4536 upate kilo. Kurasa kuu ni za Kiingereza, na chache zipo kwa Kihispania. Taarifa huchelewa, kwani jambo lililotokea Januari husomwa mwaka unaofuata, hivyo huduma hii haifai kabisa kwa dharura. Na si jiwe lisilotikisika: mwishoni mwa mwaka 2006 serikali ya huko ililegeza masharti ili viwanda vingi zaidi viandike fomu fupi isiyo na kiasi, na ilichukua hadi mwaka 2009 Bunge kuyarudisha masharti ya awali.

Kwa wasomaji wetu walio wepesi zaidi katika Kifaransa, napendekeza waanze na rejista ya Kanada, INRP, iliyoanza na takwimu za mwaka 1993. Iko kwa Kifaransa chote, inapima kwa tani na kilo, na ina dioksidi ya salfa. Humo mtafute tanuru la Horne la mji wa Rouyn-Noranda, Quebec, mali ya Glencore, kampuni ambayo hapa tunaifahamu kupitia migodi ya Kamoto na Mutanda. Aseniki ya tanuru hilo imezua mjadala mkubwa: kipimo cha jimbo la Quebec ni nanogramu 3 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na mwaka 2023 serikali ya jimbo iliipa kampuni miaka mitano kufika nanogramu 15. Wakazi wa mtaa ulio chini ya bomba hilo walibishana na serikali kwa namba, si kwa harufu. Rejista ya Ulaya, yenye vichafuzi 91, ni nzuri kwa salfa, lakini ina pengo ambalo mtu wa Katanga ataliona mara moja: kobalti haimo. Katika orodha ya Marekani imo. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonirudisha TRI kila mara, pamoja na kasoro zake zote.

Nimeulizwa shuleni kama si kupoteza muda kusoma sumu za watu wengine. Jibu langu ni kwamba sumu zetu tayari zimeandikwa, ila zimeandikwa mahali pabaya. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti kwa viwango vya juu mno. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo hivyohivyo walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika hapa Lubumbashi juu ya watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili, wakaonyesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipofanya kazi inayohusiana na madini. Ni kazi ya heshima kubwa, na ninawashukuru. Lakini tazama mpangilio wake: kwetu, kilichotoka kiwandani hujulikana kwa kupimwa ndani ya mwili wa mtoto, miaka baadaye, na mtafiti aliyejitolea. Kule, mwenye kiwanda hutakiwa kukisema mwenyewe kabla.

Wala hatuwezi kusema kwamba makampuni ya hapa hayajui kujaza fomu. Kwa miaka mingi sasa, kupitia ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi katika kazi ya madini, Kongo huchapisha kampuni kwa kampuni malipo yanayofanywa kwa serikali. Sheria ya mazingira ya mwaka 2011 ipo, na Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai uchunguzi wa athari na mpango wa mazingira kwa kila mradi. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wa mwaka, wenye jina la kemikali, kiasi chake, jina la mto na sahihi, ambao mkulima wa lengalenga anaweza kuufungua bila kuomba ruhusa ya mtu.

Ushauri wa matumizi, kwa anayetaka kujaribu: msifungue ramani kwenye simu, kwa sababu zinakula mega nyingi na mtandao wa jioni hauzibebi. Pakueni faili la jimbo moja, kwa mfano Arizona peke yake, kwa mwaka mmoja, kisha mlifungue katika programu ya jedwali kwenye kompyuta hata kama hakuna intaneti. Faili la nchi nzima ni zito, na mara mbili nililipoteza njiani umeme ulipokatika. Ninalo sasa kwenye flashi, pamoja na Fomu R tupu iliyochapishwa, na yeyote anayefundisha kemia au jiografia hapa mjini namkaribisha anakili.

Nikiipa alama kwa desturi ya vyuo vyetu, naipa TRI 14 juu ya 20. Ningeiongezea mbili kama asidi ya maji ingerudishwa katika orodha, na moja kama ingetumia kilo.

Juma lililopita niliwagawia wanafunzi fomu hiyo tupu, makundi matano, nikawaomba waijaze kwa ajili ya mfereji wetu. Walifanya kazi saa nzima kwa bidii. Jina la kemikali walikisia shaba, kwa sababu ya ile rangi, wakaweka alama ya kuuliza. Kiasi kilibaki wazi, na herufi ya namna kilivyopatikana ikabaki wazi. Mahali pa sahihi ya mwenye kiwanda palibaki wazi. Katika fomu zote tano kisanduku kimoja tu, kile cha jina la mto, kilikuwa kimejazwa kwa kalamu ya wino, bila kusita, na wote walikuwa wameandika vilevile: Kafubu.